Bwate otomatiki na mafuta yake: safari ya kutoka Detroit mpaka Kisenge



Mu Lualaba ya leo kuko sentensi moja yenye kila mwenye motokari anaogopa: "Bwate imekufa." Motere inaunguruma, lakini magurudumu hayatembei. Ao yanatembea, lakini vitesi inakawia kuingia, kisha inaingia na pigo, sawa vile muntu alikupiga teke mu mugongo. Ao motokari inabakia mu vitesi moja tu, hata ukikanyaga namna gani. Hapo mwenye motokari anauliza bei ya bwate ingine, anashika kichwa, na jirani anamwambia: "Si tulikuambia? Otomatiki haiko motokari ya njia yetu."

Leo nataka tupime ile maneno ya jirani na historia. Mimi naona hivi: bwate otomatiki ilifika kwetu peke yake. Tulipokea chuma, lakini hatukupokea maarifa yenye ilizaliwa pamoja na ile chuma. Na ukifuata historia yake, utaona kama bwate mingi hazifi juu ya uzee wala juu ya shimo za njia. Zinakufa juu ya mafuta: mafuta kidogo, mafuta ya kuungua, mafuta machafu, ao mafuta ya bwate ingine.

WAKATI WA MUKONO NA MUGUU

Mu Katanga ya kampuni, ile ya Union Minière na kisha Gécamines, shofere alikuwa muntu wa ufundi. Alijua embreyaji, alijua kusikiliza motere, alijua kurudia mu vitesi ya pili mbele ya mulima. Land Rover, Volkswagen, Peugeot 404 na 504: karibu zote zenye bantu balizoea huku zilikuwa za kubadilisha vitesi na mukono. Embreyaji ikiisha, unasikia harufu, unabadilisha disiki. Batri ikikufa, batoto banasukuma, unaachilia embreyaji, motere inawaka. Motokari ikiharibika mu njia, unafunga kamba, kamiyo inakuvuta mpaka mu muji.

Bamekanisie bengi balijifunza mu garaji za kampuni na za reli, kisha bakafundisha batoto babo na batoto ba jirani. Ile elimu ya mikono ilikuwa ya nguvu, na mpaka leo njo inaendesha mukoa wetu. Lakini ilikuwa elimu ya bwate ya chuma juu ya chuma: meno yanashikana, disiki inakamata, na mafuta kazi yake ni kulainisha tu.

Bwate otomatiki ni mashine ya namna ingine kabisa. Mule ndani mafuta hayako msaidizi. Mafuta njo yanafanya kazi yenyewe.

KUTOKA MELI MPAKA OLDSMOBILE

Mu mwaka wa 1905, enjinia mumoja wa Ujerumani, Hermann Föttinger, alipata hati ya uvumbuzi wake kwa ajili ya meli. Turbini ya meli ilikuwa inazunguka mbio sana, lakini rafadha yenye kusukuma maji inapenda kuzunguka polepole. Föttinger aliweka maji-maji katikati: gurudumu moja linayasukuma, nayo yanasukuma gurudumu la pili. Nguvu inapita bila chuma kugusa chuma. Kile kifaa njo babu wa konvertisere yenye iko leo kati ya motere na bwate otomatiki.

Mu Marekani, Earl Thompson alikuwa amesha kujulikana juu alileta vitesi zenye kuingia bila kelele mu Cadillac, mwaka wa 1928. Kisha akaongoza kundi la General Motors lenye lilitafuta namna ya kuondoa kabisa pedali ya embreyaji. Mu 1939 balionyesha Hydra-Matic, bwate ya vitesi ine, yenye iliingia mu motokari za Oldsmobile za mwaka wa 1940. Mu Vita ya Pili ya Dunia, tanki nyepesi ya Marekani yenye kuitwa M5 Stuart ilitembea na Hydra-Matic mbili.

Jirani anasema otomatiki haifai mu matope, lakini ile bwate ilipita mu matope ya vita ikingali kijana. Tofauti na sisi ni moja: nyuma ya kila tanki kulikuwa fundi mwenye alifundishwa, pipa ya mafuta yenye kufaa, na kitabu.

Sasa, inafanya kazi namna gani? Muniruhusu nitumie shamba, juu njo kwenye nilisoma. Fikiri shamba kubwa ya kumwangilia maji. Kuko pompi moja, mifereji mingi, na milango midogo yenye kufungwa na kufunguliwa. Ukifungua mulango huu, maji yanaenda ku mahindi. Ukifungua ule, yanaenda ku nyanya. Bwate otomatiki iko vile. Pompi inazungushwa na motere na inatuma mafuta kwa presio. Valvu ndogo zinachagua mufereji. Mafuta yakiingia mu mufereji fulani, yanabana disiki fulani, na vitesi fulani inaingia. Zamani presio na mwendo wa motokari njo zilifungua ile milango. Kuanzia miaka ya 1980, mu motokari mingi, kompyuta njo inazifungua kwa umeme.

Mulimaji yeyote anajua nini inafuata. Pompi ikikosa maji, shamba ya mwisho inakauka. Mufereji ukijaa mchanga, maji yanakawia. Mulango ukikwama, sehemu moja inazama na ingine inakufa na kiu. Hata bwate inagonjwa hivyo hivyo.

MAFUTA MEKUNDU NA NYANGUMI

Hapa kuko historia yenye bantu bengi hawajui. Mu 1949, General Motors iliweka kanuni ya mafuta ya bwate otomatiki, yenye kuitwa Type A. Mu 1967 ikaleta Dexron. Ndani ya yale mafuta ya kwanza waliweka mafuta ya nyangumi. Yalikuwa na tabia moja ya ajabu: yanaacha disiki zikamatane taratibu, bila pigo na bila kuteleza.

Mu 1970, Marekani iliweka nyangumi mu orodha ya nyama zenye kuhatarika kuisha, na biashara ya mafuta yake ikafungwa. Bakemia balitafuta badala. Dexron II ya mwanzo wa miaka ya 1970 haikuwa na nyangumi, lakini ilianza kukula viungo vya chuma mu kipozeo cha mafuta chenye kuwa ndani ya radiatere. Ilibidi warudie kuisahihisha.

Mu wakati ule ule, Ford ilikuwa na mafuta yake, Type F, yenye kukamata disiki kwa nguvu zaidi. Ukiweka ya Ford mu bwate ya General Motors, ao kinyume, vitesi hazingii vizuri. Yote yalikuwa mekundu! Ile rangi ni ya kupaka tu, ili muntu asiyachanganye na mafuta ya motere na akivuja ajue yanatoka wapi. Rangi haisemi mafuta ni ya bwate gani.

Kumbe tangu zamani, mu inchi yenye ilizaa hii mashine, kubadilisha mafuta bila kuangalia kulivunja bwate za bantu. Shida yetu haikuanzia Kolwezi.

NAMNA GANI ILIFIKA KWETU

Huku Kisenge tunajua vizuri kama bintu bina njia, na njia ikifungwa kila kitu kinageuka. Robert Williams alipata ruhusa ya kujenga reli ya Benguela mu 1902. Reli ilifika ku mupaka wa Congo mu 1929, na mu 1931 ikaungana na reli ya Katanga. Manganese ya Kisenge, yenye kuchimbwa na Beceka-Manganèse, ilipanda mu treni na kuteremuka mpaka bahari ya Lobito. Mu 1975 vita ya Angola ilikata ile njia, na mulango wetu wa magharibi ukafungwa.

Basi bintu bikaanza kuja kwa milango ingine, ya kusini na ya mashariki. Kisha Kodi ya Mines ya 2002 ilifungua mukoa kwa kampuni za inje. Kolwezi ikajaa bantu, biashara na teksi, na kila muntu akatafuta motokari ya bei yenye anaweza. Ile motokari ilikuwa Japani.

Juu ya nini Japani? Toyota ilikuwa imeanza bwate yake ya otomatiki, Toyoglide, tangu 1959. Mu 1991 serikali ya Japani ilianzisha permi ya kuendesha otomatiki tu. Wajapani wengi wakaacha kabisa pedali ya embreyaji. Tena kule motokari ikizeeka, ukaguzi wa serikali unakuwa mzigo, basi mwenyewe anaiuzisha ingali nzima. Inapanda meli mpaka Dar es Salaam, inapita Tunduma, inakata Zambia, inaingia Kasumbalesa, inafika Lubumbashi, kisha Kolwezi. Ingine inapita kwanza Dubai. Vola iko kuume, na siye tunatembea kuume. Kitabu chake, kama hakikupotea mu njia, kimeandikwa Kijapani.

Kuko kintu kimoja cha kuchekesha na cha kuhuzunisha. Karibu kila chuma chenye kutengenezwa mu kiwanda kiko na manganese kidogo ndani, hata meno ya bwate. Tulituma jiwe kwa mulango wa magharibi, na chuma inaturudilia kwa mulango wa mashariki, yenye kutengenezwa, yenye kutumika, na bila maelezo.

MAGONJWA YENYE TUNAITA "BWATE IMEKUFA"

Mu agronomia kuko somo la kwanza: jani la manjano haiko ugonjwa, ni alama. Linaweza kuonyesha azoti imekosa, ao maji yamejaa ku mizizi, ao udongo una uchachu. Ukitupa ureya mu shamba yenye kuzama, umetupa feza. Vitesi yenye kukawia ao kupiga ni jani la manjano. Tuangalie mizizi.

Ya kwanza, mafuta yamepunguka. Joini imezeeka, mafuta yanavuja tone kwa tone. Pompi inaanza kunyonya hewa, na hewa haibani disiki. Alama yake: unaweka D, unahesabu moja, mbili, tatu, njo motokari inatembea, ao mu mulima motere inapiga kelele na mwendo hauongezeki. Kupima kuko na kanuni yake: pahali pa usawa na bwate ikiwa na moto. Toyota mingi zenye kijiti zinapimwa motere ikiwaka, Honda mingi zinapimwa ikizimwa. Motokari mingi za karibuni hazina kijiti kabisa, lazima zipande juu ya shimo la garaji.

Ya pili, mafuta ya bwate ingine. Toyota yenye kuomba T-IV haiko sawa na ile yenye kuomba WS. Hatari kubwa zaidi iko ku CVT. Ile haina vitesi za kuhesabu. Iko na mukaba kati ya puli mbili zenye kupanuka na kubanika. DAF ya Uholanzi ilianza na mukaba wa mpira mu 1958, Subaru Justy ikaleta mukaba wa chuma mu 1987, na Honda Fit ya 2001, yenye tunaiona mu njia zetu, nayo ilikuja na CVT. CVT inaomba mafuta yake ya pekee. Ukimwaga ndani mafuta ya otomatiki ya kawaida, mukaba unateleza juu ya puli na kuzikwangua. Mwenye alimwaga anasema: "Niliweka mapya!" Ni kweli, mapya, lakini ya mashine ingine.

Ya tatu, joto. Mafuta ya bwate yanapenda kazi karibu na digri 80 mpaka 95. Mu motokari mingi yanapita mu radiatere ili kupoa. Sasa siye tunajaza radiatere na maji ya mutoni ao ya kisima, kutu inaziba ndani, na udongo mwekundu unaziba inje. Kisha mu musimu wa mvua, ku njia ya Kolwezi kuelekea Dilolo, motokari inakwama na shofere anakanyaga magurudumu yazunguke bule mu matope, dakika kumi, kumi na tano. Kila dakika mafuta yanachemka mu konvertisere. Yakigeuka kahawia na kunuka kuungua, disiki nazo zimeanza kuungua. Na yakionekana sawa chai ya maziwa, radiatere imepasuka ndani na maji yameingia: simamisha motokari siku ile ile.

Ya ine, kuvuta na kusukuma. Hapa njo elimu yetu ya zamani inatudanganya. Pompi inazunguka tu kama motere inawaka. Otomatiki mingi za zamani zilikuwa na pompi ya pili nyuma, yenye kuzungushwa na magurudumu, lakini mu miaka ya 1960 batengenezaji baliiondoa polepole. Basi kusukuma motokari ya leo haiwashi motere. Na kuivuta kilomita makumi na magurudumu ya nguvu chini ni kuzungusha meno bila mafuta. Motokari ilikuwa na shida ndogo ya umeme; inafika garaji na bwate yenye kuungua. Dawa ni kupandisha juu magurudumu yenye kuvuta motokari, ao kuiweka nzima juu ya kamiyo.

Ya tano, umeme. Batri ya kuchoka, waya yenye kukwanguka, maji mu viungo vya waya kisha ya kuvuka mutoni, kipima mwendo chenye kuharibika: kompyuta ikikosa habari, inafunga bwate mu vitesi moja ili kuikinga. Shofere anaona motokari inatembea tu mu vitesi ya tatu na anasema bwate imekufa. Kumbe iko inajilinda. Skaneri ndogo inaweza kuonyesha waya gani wa kuangalia kwanza. Tena mara ingine ni buji moja ya motere yenye kukata, na ule mushituko tunautwika bwate.

Ya sita, uzee wa kweli. Disiki zimeisha, chini ya sahani ya mafuta kuko unga mweusi mwingi na vipande vya chuma. Hapo hata mafuta ya bei kali hayafufui kitu, na fundi mwenye kukuambia ukweli anakusaidia. Lakini huu ni mulango wa mwisho, na siye tunaingia kwake wa kwanza.

BEI INALIPWA NA NANI

Tuweke mufano. Mulimaji wa pembeni ya Kisenge ana magunia kumi ya mahindi na mihogo ya kukausha. Anangojea motokari moja yenye inapandisha mali ku soko. Bwate inakawia, mwenyewe ananunua bwate ingine ya kutumika, banaifunga haraka. Hakuna mwenye aliosha kipozeo, hakuna mwenye alibadilisha radiatere ya kuziba, banamwaga mafuta yenye yalikuwa mu duka. Kisha muda kidogo ile ya pili nayo inakawia. Jirani anasema tena: "Si tulikuambia?" Lakini bwate ya pili ilikufa na ugonjwa ule ule wa ya kwanza, juu ugonjwa ulibakia ndani ya motokari.

Na feza ya bwate mbili inatoka wapi? Inaongezwa ku bei ya kusafirisha gunia. Mulimaji anapata kidogo, mama wa Kolwezi analipa mingi ku soko, na mihogo yenye haikupata motokari inaoza mu mvua. Njo maana muntu wa udongo anaandika leo juu ya bwate.

Mu Februari 2015, mu Luau, upande wa Angola, maraisi ba Angola, Congo na Zambia balifungua tena reli ya Benguela. Upande wetu kazi ingali mingi, lakini mulango wa magharibi unaanza kufunguka. Mashine zitakuja kwa upande ule pia, na zenye ujuzi mugumu zaidi: motokari zenye kutumia esanse na batri pamoja, kisha za umeme kabisa. Kama tunapokea tena chuma peke yake, watoto betu bataandika essai sawa na hii.

Basi naomba bintu bitatu. Mwenye motokari, mbele ya kununua bwate ingine, aulize: kipimo cha mafuta kiko namna gani, rangi na harufu yake ni gani, na skaneri inasema nini? Bamekanisie betu bapewe heshima ya kufundishwa zaidi, hapana ya kulaumiwa tu. Balijenga ufundi wao bila kitabu, itakuwaje wakipata kitabu? Na siye ba muungano, tuko na bandugu balisoma polytechnique, tuko na benye kusoma Kijapani kidogo juu ya kazi zao. Tukae pamoja tutengeneze karatasi moja, mu Kiswahili chetu: majina ya motokari zenye kutembea mu Lualaba, mafuta ya kila bwate, na namna ya kuyapima. Karatasi moja tu, ya kubandika ku ukuta wa kila garaji, kutoka Fungurume mpaka Dilolo.